Aliyechimbwa Mara Moja

Saa nane usiku, Mei 2025, nimepiga magoti sebuleni kwangu Dortmund na kijiko cha supu mkononi. Mbele yangu kuna tangi la kioo lililojaa udongo mwekundu karibu hadi juu. Humo ndani, mahali fulani, mna buibui mwenye ukubwa wa kiganja changu.

Au mna mzoga wake.

Sikujua. Ndiyo maana nilikuwa na kijiko.

Mdomo wa shimo lake ulizibwa wiki ya pili ya Januari. Aliusokotea utando, akaupaka udongo juu yake, akausawazisha vizuri hata mgeni angedhani ni tangi la mche ambao haujaota. Januari ikapita, Februari ikapita, Machi, Aprili. Kila nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikuwa nikiwasha taa ndogo na kuangalia. Ardhi tupu. Kibakuli cha maji kisafi. Usafi wa kile kibakuli ndio ulionitisha, kwa sababu buibui mzima wa aina yake hawezi kuvumilia kibakuli kisafi. Hukijaza udongo usiku, wewe unakiosha asubuhi, naye anakijaza tena.

Niliusogeza ule udongo wa juu kidogo tu, kama unavyokwangua ukoko wa wali. Halafu nikasimama.

"Umeolewa?"

Siku niliyomnunua nilimpigia Mama simu kule Voi, Kenya.

"Mama, nimenunua buibui."

Kimya. Kisha: "Umeolewa Mombasa na hukuniambia?"

Nikacheka hadi watu kwenye treni wakageuka. Nikamweleza kwamba si lile vazi jeusi, ni mdudu. Sasa akanyamaza kweli, zaidi ya vile angenyamaza kwa habari ya ndoa.

"Mwenye miguu?"

"Minane, Mama."

"Kwa pesa?"

Sikumtajia bei. Euro 140.

Wale mliokulia upande wetu mtakumbuka matundu yale. Tulipokuwa tukichunga mbuzi tuliyaona ardhini, mviringo kama yamepigwa kwa mpini wa jembe, ukingoni yamezungushiwa utando mwembamba uliokusanya vumbi. Mchezo ulikuwa mmoja. Unachuma unyasi mrefu, unaulowesha kwa mate, unausukuma polepole ndani ya tundu. Unangoja. Halafu kitu kinaukamata upande wa pili na kuuvuta, nanyi nyote mnakimbia mkipiga mayowe, mbuzi nao wanakimbia bila kujua sababu.

Sikuwahi kumwona mwenye shimo hata siku moja. Nilijua nguvu zake kupitia unyasi, basi.

Nilikuja kumwona kwenye ukumbi wa maonyesho, mwendo wa treni kutoka Dortmund, katikati ya meza za nyoka na kinyonga. Alikuwa ndani ya kopo la plastiki, amejikunja kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Rangi yake ilikuwa ile ile ya udongo wa kwetu, ule unaowapaka ndovu wa Tsavo rangi ya matofali. Miguu ya nyuma minene, imepinda kidogo, kama ya mtu anayejiandaa kubeba gunia. Juu ya kifuniko paliandikwa: Pelinobius muticus, 0.1, Kenia.

Maneno mawili ya kwanza ni jina lake la kisayansi. Hiyo "0.1" ni lugha ya wafugaji: dume hakuna, jike mmoja. Lakini mimi nilisoma neno moja tu, lile la mwisho. Nilitoa pesa kabla sijauliza swali lolote, na nimelijutia swali hilo miezi mingi baadaye.

Nikamwita Sagalla, kwa jina la mlima unaouona ukisimama Voi. Mama hakufurahi. "Mlima wetu umekosa nini?"

Udongo wa kununua

Kuna mambo niliyoyafanya sawasawa, niyaseme haraka.

Buibui anayechimba hahitaji nafasi ya hewa, anahitaji kina cha udongo. Nilimpa sentimita 30 na ushei. Juu nilimwachia nafasi finyu tu, kwa kuwa tarantula (buibui wakubwa wenye manyoya, naye ni mmoja wao) aliye mzito akipanda ukuta wa kioo na kuanguka tumbo lake linaweza kupasuka, na huo ndio mwisho. Nilichanganya mfinyanzi mwekundu unaouzwa huku kwa ajili ya kupaka kuta, na mchanga, nikaulowesha, nikaushindilia kwa ngumi mpaka ukashikamana. Pembeni nikamwanzishia shimo kwa mpini wa ufagio. Mama alipouona ule mfuko kwenye video akauliza ni kitu gani.

"Udongo."

"Wa kununua?"

Aliita majirani waje kuona.

Kosa nililokaribia kulifanya ni la joto. Nilitaka kuweka mkeka wa umeme chini ya tangi, kwa huruma, maana baridi ya huku naijua inavyoingia mifupani. Mfugaji mmoja mzee akanizuia. Buibui huyu akihisi joto hukimbilia chini zaidi, ndivyo ardhi ya kwao ilivyomfundisha: jua liko juu, ubaridi uko chini. Ukimwekea moto chini, atachimba kuufuata moto huo huku akidhani anaukimbia. Ile sentensi ilinikaa kichwani. Niliupasha joto ule upande wa chumba, nikaacha.

Kuhusu ukali wake, sina cha kupunguza. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana manyoya ya kuwasha wanayoyarusha kwa miguu ya nyuma. Wa kwetu hawana silaha hiyo, kwa hiyo wanategemea meno, na hawachelewi. Sagalla ukimkaribia hunyanyua miguu ya mbele, hufunua meno, kisha hutoa sauti. Ndiyo, sauti. Husugua vinyweleo vigumu vilivyoko penye vitako vya miguu ya mbele, na kinachotoka ni mchachariko kama wa mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Mara ya kwanza nilidhani bomba la gesi linavuja. Sijawahi kumshika na sina mpango huo. Kuumwa naye hakujulikani kuua mtu, lakini maumivu yake si ya kujaribu.

Baada ya wiki tatu alikuwa amechimba hadi kwenye sakafu ya kioo. Tangu siku hiyo nilikuwa na mnyama ninayemwona labda mara mbili kwa mwezi: ncha za miguu miwili ukingoni mwa shimo, saa tisa usiku, ukiwasha taa zimeondoka.

Marafiki walikuwa wakija kumwona wanaonyeshwa tundu.

Miezi ya kimya

Wafugaji wote watakuambia neno moja: ngoja. Buibui akiziba mlango anajiandaa kujivua gamba (Watanzania mtanisamehe, sina siasa hapa). Haji kula, haonekani, na kwa jike mkubwa wa aina hii jambo hilo linaweza kuchukua miezi. Hulala chali, ngozi ya zamani hupasuka, hujichomoa mguu mmoja mmoja, hata meno ni mapya na meupe, laini mno kuuma chochote. Wakati huo nyenje mmoja aliyesahaulika ndani ya tangi anaweza kumtafuna yeye. Na ukimfukua katikati ya shughuli ile, umemuua.

Yote hayo niliyajua. Naweza kuyakariri.

Lakini kuna kujua kwa mchana na kujua kwa saa nane usiku. Usiku unaanza kunusa tangi kama kuna uvundo. Unaweka sikio kwenye kioo. Unafikiri: nimetia maji mengi chini, ameoza. Au machache, amekauka. Usiku mzima unautumia kumtunza mtu asiyekuita, asiyekudai, na ambaye hata akifa hatakuambia. Kazini kwangu wazee wana kengele kando ya kitanda. Wakibonyeza, nakwenda. Wengine hubonyeza mara 20 kwa usiku mmoja, na siku moja nilijikuta nikimwonea Sagalla hasira kwa sababu yeye habonyezi.

Nikakubali nafsini kwamba mwisho wa Mei nitachimba.

Habari kutoka Naivasha

Kabla ya mwisho wa Mei ikaja ile habari ya sisimizi.

Mnaikumbuka. Vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamepangwa kwenye vijibomba zaidi ya 2,000 vyenye pamba ndani. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza faini, pamoja na Mkenya mmoja na raia wa Vietnam waliokuwa na kesi yao: shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela. Soko lenyewe lilikuwa ni watu wa Ulaya na Asia wanaofuga sisimizi nyumbani, ndani ya vioo.

Nyumbani, ndani ya vioo.

Kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa huku watu walicheka wiki nzima. Nani anaiba sisimizi? Si waje kwetu wachukue bure, na kunguni tuwaongeze. Na mimi nilituma vile vikatuni vya kucheka. Kisha nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikasimama nikiwa na kikombe mkononi, nikaligeukia tangi.

Kwenye makopo ya wafugaji wa Ujerumani huandikwa herufi mbili. NZ maana yake amezaliwa mikononi mwa mfugaji. WF maana yake ametolewa porini. Nilikitafuta kile kifuniko, nilikuwa nimekihifadhi kama mtu anavyohifadhi tiketi. 0.1. Kenia. Hakuna NZ. Hakuna WF.

Nikaanza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga pale mezani. Jike wa aina hii hukua polepole mno, miaka na miaka hadi akomae. Wa kwangu nilimnunua akiwa tayari mtu mzima. Basi ama kuna mfugaji alimlea muda wote huo, kisha akamuuza kwa euro 140 bila kujisifia hata kwa herufi mbili, ama kuna mtu aliinama mahali fulani kwenye nyika yetu na jembe.

Nilimwandikia muuzaji. Alijibu kwa adabu. Alimpata kwa rafiki, rafiki alimpata kwa mtu aliyeacha kufuga, zaidi ya hapo hajui.

Kwa hiyo siwezi kuapa. Ila naijua ardhi ya Voi wakati wa kiangazi, ilivyo ngumu, na najua kwamba buibui yule habembelezwi kutoka. Kama alitoka huko, alichimbwa. Pengine na kijana wa rika langu, kwa pesa ya sukari na unga, mmoja wa wale tuliokimbia nao.

Na mimi nilikuwa sebuleni na kijiko.

Fischer, na majina mawili

Sijui kwa nini nilikwenda kutafuta historia yake, labda nilitaka mwingine wa kumlaumu. Nikampata, lakini hakunisaidia.

G. A. Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyeishi Unguja. Mnamo 1882 alianza safari kutoka Pangani kuelekea Umasaini, kwa niaba ya chama cha jiografia cha Hamburg, na 1883 akafika hadi ziwa Naivasha. Naivasha hiyo hiyo. Wadudu aliowakusanya njiani walisafirishwa Ujerumani, na 1885 Ferdinand Karsch wa makumbusho ya Berlin akamwandika kitabuni buibui mmoja wa msafara huo: Pelinobius muticus. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakiandika pia mambo mengine kuhusu nchi zetu.

Mwaka 1900 Mwingereza, Pocock, akampata buibui wa aina ile ile, akadhani ni mgeni, akampa jina jingine, Citharischius crawshayi. Kwa miaka 110 alikuwa na majina mawili, hadi 2010 Richard Gallon alipoonyesha kwamba ni mmoja. Wafugaji wazee hapa bado wanatumia jina la pili kwa mazoea.

Kwetu, sisi tuliokuwa tukimchokoza kwa unyasi, alikuwa buibui wa shimo. Jina la tatu halikuingia kitabuni.

Nilikaa na hayo siku kadhaa. Mwanzoni nilitaka yanipe hasira safi, ile inayokuondolea lawama. Lakini Fischer amekufa zamani, na mwenye tangi ni mimi. Niliyelipa ni mimi, tena nililipa kwa sababu ya neno "Kenia", kwa kiu ya nyumbani. Kila mwenye kiu kama yangu anaifanya meza ile iwe na faida, awe Mbelgiji au mtoto wa Voi.

Kumrudisha, je? Niliwaza. Kumpandisha mnyama ndege kwa siri ni kosa lile lile linalogeuka upande, na huwezi kujua amebeba vimelea gani kutoka kwenye makopo yote aliyopitia. Kumwachilia bustanini Dortmund ni kumuua kabla ya Novemba. Kumuuza ni kumpitishia mwingine swali. Kwa hiyo anabaki. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kibali changu cha kuishi hapa nakihuisha kwa foleni, nikiwa na faili nene kama Biblia, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri. Yeye alivuka bahari bila karatasi hata moja na hakuna aliyemuuliza kitu.

Usiku ule, baada ya kuukwangua ule ukoko na kusimama, nilikifuta kijiko kwa kitambaa na kukirudisha kabatini.

Kama amekufa, amekufa shimoni mwake, alilolichimba mwenyewe. Kuna mtu aliwahi kumfukua mara moja. Mara ya pili sikutaka iwe mkono wangu.

Sitasema nililala vizuri. Nililala vibaya sana.

Ngozi

Tarehe 19 Juni nilitoka kazini asubuhi. Kibakuli cha maji kilikuwa kimejaa udongo.

Nilikaa chini kwenye sakafu na koti langu.

Mlango wa shimo ulikuwa wazi, una utando mpya unaong'aa. Kando yake alikuwa ameitupa ngozi ya zamani, imekunjamana kama soksi. Niliichukua kwa koleo ndefu. Nikailainisha kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikaikunjua kwenye sahani: miguu minane yote, vinyweleo vyekundu, meno meusi yaliyopinda, makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona yakiwa na mwenyewe. Kwa ndani, penye tumbo, kuna alama inayoonyesha kama ni jike. Ni jike. Hapo kifuniko kilisema kweli.

Sikumlisha. Nilihesabu wiki tatu kwanza, hadi meno yawe yamekomaa, kisha nikamwachia mende mmoja karibu na ukingo. Asubuhi mende hayupo.

Maonyesho yale yanarudi tena Septemba. Nitakwenda, nadhani, nikaulize kila meza swali ambalo sikuuliza. Siamini litabadilisha kitu. Nina kifuniko kwenye pochi.

Jumapili Mama alipiga simu ya video. Aliuliza habari ya kazi, baridi, kanisa, halafu akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka ionekane anauliza:

"Na yule mwenzako?"

Nikampelekea simu hadi kwenye kioo, juu ya shimo, nikawasha taa. Akaisogeza simu yake karibu na uso mpaka nikawa naona paji lake tu.

"Sioni kitu, mwanangu."

"Hata mimi, Mama."

Hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye Voi, mimi Dortmund, tukiliangalia tundu.